Mafundi, Habari za Saiti?

Prof, mwalimu wetu wa uhandisi ujenzi, alikuwa na salamu moja. Saa 11:30 jioni aliingia darasani, akaweka mkoba wake wa ngozi juu ya meza, akatugeukia: "Mafundi, habari za saiti?"

Walimu wengine walituita wanafunzi, na hilo lilikuwa jina letu halali. Mmoja alizoea kutuita "nyie vijana" ilhali mstari wa mbele amekaa mzee mwenye wajukuu. Prof alituita mafundi, na akiuliza habari za saiti, pale tunapojenga, alitaka kuzisikia. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri. Mmoja atasema mchanga ulioshushwa leo una udongo. Mwingine atasema msingi wao umekataliwa na mhandisi mshauri. Basi somo litaanzia hapo, hata kama ratiba inasema tuko kwenye jambo jingine kabisa, na ikifika saa 2:30 usiku unashangaa kuona ratiba nayo imefuatwa.

Mwezi uliopita kijana mmoja kwenye saiti yangu aliniuliza nani alinifundisha kukagua nondo, vile vyuma vinavyolazwa ndani ya zege. Nilianza kumjibu kwa ufupi, nikajikuta nasimulia hadi muda wa chakula ukatupita sote wawili. Nimeona heri niandike.

Tulikuwa wanafunzi wa jioni, shahada ya uhandisi ujenzi, hapa Dar es Salaam. Tulianza Oktoba 2011. Mimi nilikuwa na miaka 31, nina stashahada niliyoisotea na miaka tisa ya kazi, nikiwa foromani kwenye saiti moja ya Tegeta. Darasani walikuwamo mafundi umeme waliogeuza njia, wapimaji ardhi, askari wa kikosi cha ujenzi, na mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye miradi ya maji na ana mtoto mchanga. Nilikuwa natoka kazini saa 10, napanda daladala, nafika chuoni na vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Prof alikuwa na taa yake ya kuchaji, kubwa, ya kijani, na umeme ukikatika aliiwasha bila kukatiza sentensi.

Yeye mwenyewe alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya Kitivo cha Uhandisi, kile kilichofunguliwa mwaka 1973. Angeweza kufundisha mchana tu, akarudi nyumbani kabla ya foleni. Madarasa ya jioni aliyaomba. Hilo tulilijua baadaye, kutoka kwa katibu muhtasi wa idara, maana yeye hakuwahi kulitaja.

Mtu wa nje hawezi kuelewa shida yetu ilikuwa nini. Haikuwa uvivu, na kwa wengi wetu haikuwa akili. Uhandisi unafundishwa kwa Kiingereza na mtihani wake ni wa Kiingereza, na sisi tulichokijua tulikijua kwa Kiswahili cha saiti: ringi, nondo, jamvi, lenta, mkanda. Mtu amefunga nondo za nguzo miaka kumi, lakini ukimwekea swali la nguzo kwenye karatasi anaona kama hajawahi kuiona nguzo maishani. Prof alianzia Kiswahili, akatupeleka ng'ambo ya pili kama mtu anayevusha wenzake mto na anajua mawe yako wapi. Kwanza tuseme kwa maneno yetu jambo linavyotokea, kisha alichore, kisha aliandike kwa lugha ya mtihani. Na hapo kwenye lugha ya mtihani hakutuachia hata herufi. Jibu lisilo na kizio alilipa sifuri, hata kama namba yenyewe ni sahihi. "Ishirini nini?" aliandika pembeni kwa wino mwekundu. "Ishirini mbuzi?"

Siku moja jamaa mmoja alisimulia kwamba saiti kwao wanamaliza kufunga nondo za kibaraza cha ghorofa ya pili, kile kinachotokeza nje bila nguzo chini, na kesho yake asubuhi wanamwaga zege. Alikuwa anasimulia habari ya kasi ya kazi tu, anajisifu kidogo. Prof akamuuliza nondo kubwa wamezilaza juu au chini. Jamaa akasema chini, kama slabu nyingine.

Prof hakusema neno. Akafungua mkoba, akatoa ndala. Ndala ya kawaida ya sponji, ya bluu, imekatwa mikanda. Kumbe alikuwa nayo humo mkobani siku zote akisubiri siku yake. Kwenye ubavu wake alikuwa amechora kwa kalamu mistari ya wima, imekaribiana, kutoka kisigino hadi kwenye vidole. Akatuita tusogee. Akakibana kisigino kwenye ukingo wa meza kwa kiganja cha mkono wa kushoto, ndala ikatokeza nje kama kibaraza. Kwa kidole cha mkono wa kulia akaikandamiza ncha kwenda chini.

Mistari ikafunguka. Kwa juu ilitanuka kama vijiti vya kipepeo cha kujipepea, kwa chini ikasongamana hadi ikakaribia kugusana. Karibu na kiganja ndipo ilipotanuka zaidi.

"Wapi panavutwa?"

"Juu," tukasema.

"Zege linapenda kuvutwa?"

Hilo tulishalisoma. Zege linavumilia kubanwa, lakini ukilivuta linapasuka mapema. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Nondo imewekwa humo ibebe kile zege lisichokiweza.

"Kwa hiyo nondo ya kibaraza ikae wapi?"

Kimya. Kisha yule mzee wa mstari wa mbele akasema polepole, "Juu, Prof." Na jamaa mwenye saiti alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anatoka nje. Tulimsikia kwenye veranda akimwambia mtu asiruhusu mchanganyo wowote asubuhi mpaka yeye afike. Aliporudi, Prof alimwachia nafasi ya kukaa, akaendelea na ubao. Hakumwuliza kitu, na hakumfanya mfano wa kucheka. Kesho yake jioni salamu ilipotoka, jamaa akajibu wa kwanza: "Tumezipandisha juu, Prof." Prof akaitikia kwa kichwa.

Nimekagua vibaraza vingi tangu siku ile. Kila nikisimama mbele ya kimoja, mkono wangu wa kushoto unakumbuka ile ndala.

Mimi nusura niache chuo muhula wa pili. Nilipata 23 kwa 100 kwenye jaribio la mekanika ya miundo, na wiki hiyohiyo mwanangu alikuwa amelazwa. Niliichukua karatasi nikaikunja nne, nikaiweka mfukoni, nikaondoka bila kuaga mtu. Nilipoifungua kwenye daladala ndipo nikaona chini kabisa ameandika: Jumamosi, saa 12:30 asubuhi, ofisini kwangu, kabla hujaenda kazini. Hakuandika pole, wala hakuandika jitahidi. Aliandika saa ambayo angenikuta, kwa sababu alijua Jumamosi tunaingia kazini saa 2.

Nilimkuta ameshafika, na chupa ya chai iko mezani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mtoto. Kisha akaniuliza: jukwaani umetandika ubao wa mita tatu, umeegemea ncha zote mbili, kibarua anauvuka na mfuko wa saruji begani. Ubao utakatikia wapi? Nikacheka, nikasema katikati, kila mtu anajua. Kwa nini katikati? Hapo sikuwa na jibu. Akachora. Tuuache uzito wa kibarua, tuchukue mfuko peke yake, kilo 50, ukiwa katikati kila ncha inabeba kilo 25. Toka ncha hadi katikati ni mita moja na nusu. Zidisha: 37.5, hicho ndicho kipimo cha jinsi ubao unavyopindwa pale. Sogeza mfuko uwe mita moja toka ncha ya kushoto. Ncha ile sasa inabeba kama kilo 33, mara mita moja, ni 33. Umepungua. Sogeza tena nusu mita: 20 na ushee. Akanipa kalamu nimalizie mwenyewe hadi kwenye egemeo, ambako inakuwa sifuri. Nikaunganisha nukta zangu, na pale kwenye karatasi pakatokea kichuguu chenye kilele katikati, mchoro uleule uliokuwa umenishinda kwenye jaribio.

"Haya umeyajua tangu siku ya kwanza ulipopanda jukwaani," akasema. "Ulikuwa hujui kuyaandika."

Nilikwenda Jumamosi tisa. Baada ya ya tatu tulikuwa wanne, baada ya ya tano tulikuwa kumi na moja, na ofisi haikututosha tukahamia darasani. Hakuna aliyemlipa posho ya saa zile. Chai aliileta yeye.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mgumu. Aliyefeli alifeli, na hadithi ya foleni au ya bosi mkali haikuongeza alama. Yupo mwenzetu aliyerudia mwaka kwa alama mbili, na mpaka leo Prof akitajwa hunyamaza. Wakati ule niliona ni ukatili. Sasa ninaposaini michoro naona vingine, ila sijathubutu kumwambia yule rafiki yangu hivyo, kwa sababu aliyelipa ada ya mwaka mzima zaidi ni yeye, si mimi. Na huyohuyo Prof ndiye aliyemwambia mama mwenye mtoto aje naye darasani. Mtoto alilazwa kwenye kanga nyuma ya darasa, na jioni zile Prof alifundisha kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi wote tusogee mbele. Mtihani wa mama yule haukulegezwa hata swali moja. Alikuwa wa pili darasani.

Kisha kuna habari ya maji. Saiti zetu nyingi mchanganyo unapimwa kwa macho: zege likiwa zito, vibarua wanalalamika, mtu anaongeza ndoo, zege linalainika, kazi inakwenda. Prof alitupa kazi ya wiki moja. Kila mtu ahesabu maji yanayoingia saiti kwake kwa kila mfuko wa saruji, aandike, asiseme kitu. Mimi nilisimama kwenye mashine na daftari. Ilikuja lita 38 kwa mfuko wa kilo 50, bila kuhesabu unyevu uliokuwa tayari kwenye mchanga. Mchoro ulikuwa unataka lita 25.

Alituambia kuhusu Duff Abrams wa Chicago, ambaye tangu mwaka 1918 alikwisha onyesha kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji kuliko kitu kingine chochote. Karibu miaka mia, akasema, na habari haijafika Tegeta. Kisha akatupeleka maabara. Tukatengeneza matofali ya majaribio ya milimita 150 kila upande, mengine kwa lita 25, mengine kwa lita zangu 38, kokoto zilezile, mchanga uleule. Kabla ya kujaza, tukapima ulaini kwa ile koni ya sentimita 30, tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo mara 25. La lita 25 lilishuka kidogo likasimama. La lita 38 lilikaa chini kama uji.

Siku ya 28 tukayaponda. Tofali la kwanza lilikataa, mshale wa mashine ukapanda, ukapanda, tukawa tumeshika pumzi. La pili lilipasuka kwenye kama nusu ya mzigo ule. Niliokota vipande vyake. Ndani vilikuwa na vitundu vidogovidogo, mahali maji yalipokuwa yamekaa kabla hayajakauka na kuacha uwazi. Kwa macho ya nje matofali yale mawili yalifanana kabisa. Kipande kimoja nimekiweka kwenye dirisha la ofisi yangu.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji letu liliporomoka asubuhi. Watu 36 walifariki.

Tulirudi darasani Jumanne baada ya Pasaka. Prof aliingia, akaweka mkoba, na kwa mara ya kwanza salamu haikutoka. Alisimama kitambo. Mtu mmoja akaanza kusema alichokisikia mtaani kuhusu chanzo, Prof akamzuia kwa mkono. Waliopewa kazi ya kuchunguza watachunguza, akasema, sisi tusifanye matanga kuwa uwanja wa kubashiri. Akagawa karatasi tupu. Akatuambia tuandike, bila jina, siku ambayo tuliona kosa kazini tukanyamaza.

Sijawahi kuona darasa la watu wazima likiinama vile. Nilifikiri nitakaa bure. Kalamu ikaanza kutembea. Niliandika habari ya saiti moja ya miaka ya nyuma, nguzo za ghorofa ya chini, nondo za milimita 16. Mchoro ulitaka ringi kila sentimita 15. Zilifungwa kila sentimita 30. Niliziona. Nilikuwa kibarua mwandamizi tu, malipo yangu ni ya siku, na aliyenikodi alikuwa amesimama hapo. Nilijua ringi ndizo zinazozishika nondo zisifumuke nje mzigo ukizidi, kama kamba kwenye mzigo wa kuni. Nikashika ndoo yangu nikaendelea. Jengo lile bado limesimama, na kuna watu wanalala humo.

Alizikusanya, akazisoma moja moja kwa sauti, zote, bila kubadilisha neno, bila kutafuta nani kaandika ipi. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nyingi zilifanana: niliona, niliogopa kufukuzwa. Yangu ilipofika nilitazama sakafu. Alipomaliza alikaa kimya, kisha akatuuliza swali la kazi kabisa: mtu wa malipo ya siku anawezaje kusema bila kupoteza mkate wake? Tukaanza kujibu, na hilo ndilo likawa somo. Andika kwenye daftari la saiti, lenye tarehe. Peleka swali badala ya shutuma: mchoro huu unasema 15, nimesoma vibaya? Mpigie mhandisi picha. Usiwe peke yako. Mwambie mwenzako mmoja aone unachoona. Prof aliyaandika yote ubaoni kwa maneno yetu. Usiku ule hakuna aliyekimbilia daladala ya mapema.

Mambo hayo nimeyatumia yote. Lile la kupeleka swali badala ya shutuma limenivusha mara nne ninazozikumbuka vizuri. Mara ya tano halikunivusha, nikafukuzwa. Nilimpigia Prof. Akasikiliza, akaniuliza kama nina akiba ya mwezi mmoja. Nikamwambia ninayo. "Basi umefukuzwa vizuri," akasema, na wiki iliyofuata akanipa namba ya mtu aliyekuwa akitafuta msimamizi.

Tulihitimu 2015. Baada ya miaka yangu mitatu ya kufanya kazi chini ya uangalizi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikanisajili, na siku niliyokula kiapo cha wahandisi nilimtafuta ukumbini kwa macho, nikamwona amekaa nyuma karibu na mlango, kama alivyopenda.

Alistaafu 2018. Sisi wa jioni tulikutana kupanga zawadi. Likatajwa saa la ukutani, likatajwa kochi, likatajwa beberu. Yule mama wa miradi ya maji, ambaye mtoto wake wakati huo alikuwa shule ya msingi, akasema tumfanyie tofali. Wote tukanyamaza, kwa sababu wote tuliona kuwa ndilo lenyewe.

Tulimwaga sita, milimita 150, uwiano wa maji na saruji wa 0.5. Kwenye uso wa juu wa moja, likiwa bado bichi, tukaandika kwa msumari: Mafundi wa Jioni, 2011–2015. Tukayazamisha kwenye maji siku 28. Matatu tukayaponda, tukaandika majibu kwenye karatasi yenye sahihi zetu zote, tukampelekea karatasi hiyo na lile tofali lenye maandishi nyumbani kwake Kibaha, sisi kumi na wawili tulioweza kupata ruhusa kazini.

Alilipokea kwa mikono miwili. Ni kama kilo nane, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini hakutaka tumsaidie. Akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kingo kutafuta vitundu. Akasoma maandishi. Kisha akavaa miwani, akaichukua karatasi ya majibu, akaisoma mstari kwa mstari kama alivyokuwa akisoma majaribio yetu, na sisi tukajikuta tumesimama wima, hakuna anayekohoa.

"Sita mlimwaga, matatu mkaponda, moja hili," akasema. "Mawili yako wapi?"

Yule mama akafungua mkoba wake, akayatoa yote mawili, akayaweka juu ya meza. Prof akavua miwani. Akakaa nayo mkononi kwa muda mrefu kabla hajaweza kutuambia tukae.